Hatua Thelathini na Mbili Mpaka kwa Filimbi

Mshono uliochanika wenyewe na mshono uliokatwa kwa wembe ni mambo mawili tofauti, na mimi nimekalia cherehani miaka ishirini na sita. Kwa hilo hunidanganyi. Uliochanika huacha nyuzi ndefu zisizo na mpango. Uliokatwa huwa safi, kila uzi umekatika palepale. Kwa hiyo binti wa jirani yangu Filimbi aliponiletea sketi ileile ya buluu kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili, upindo umeachia upande uleule, nilijua anaufumua mwenyewe huko anakoishi, anaitia sketi mfukoni, anapanda gari kutoka upande wa pili wa mji, anakuja kunilipa nimshonee alichokifumua. Sikumwambia kitu. Nilishona.

Shida yake haikuwa upindo. Kibaraza changu kiko pale mtaa unapokunja, na kutoka kwenye cherehani yangu mpaka geti la kijani la baba yake ni hatua thelathini na mbili. Nimezihesabu, maana baadaye zilikuja kuwa kazi yangu. Binti huyu ni mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Anapima watu macho kliniki. Akiwaambia wazee na suti zao wafunike jicho la kushoto, wanafunika. Lakini hatua hizo zilimshinda. Alikuwa akifika kwangu, anasimama ukingoni mwa kibaraza, mguu mmoja mbele na uzito wote kwenye mguu wa nyuma, analitazama lile geti. Kisha anakaa kwenye stuli, anakunywa maji yangu, anarudi alikotoka. Miaka minne hivyo.

Mama yake ndiye aliyekuwa akimfuata. Kila Jumamosi mama hutoka getini na chupa ya chai na vikombe viwili, na mimi hujifanya kiziwi mpaka waagane. Mama huyo ni rafiki yangu tangu usichana wetu, ndiyo maana mumewe namwita shemeji na binti ananiita mama mdogo. Tulikuwa tumeyazoea mambo hayo. Hata jambo la aibu ukilizoea hulioni tena.

Sasa Filimbi mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa hapa mtaani halitumiki. Kazi yake ni kufundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi, na shingoni alikuwa akivaa filimbi ndogo ya shaba iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la mbwa watatu, na wale watatu huwa ni wale walioshindikana kwingine. Mmoja aliletwa akiwa haupiti ufagio. Akiuona umeegemezwa ukutani, hujikojolea. Filimbi aliuweka ufagio katikati ya ua, akakaa mbali nao na mbwa wake, akawa anakula chakula chake cha mchana hapo na kumtupia vipande. Kesho yake alikaa karibu kidogo. Siku ya tisa mbwa alilala juu ya ufagio, na mke wa Filimbi akawa hana cha kufagilia.

"Hakuna mbwa anayezaliwa anaogopa ufagio, shemeji," aliniambia siku hiyo. "Kuna mtu alimfundisha. Na kilichofundishwa kinafundishwa tena."

Hapo akaanza somo lake, maana ukimgusa kwenye mbwa hana breki. Mbwa hujifunza, alisema, kwa sababu kuna kitu anakitaka, au kuna kitu kinamuuma na anataka kiishe. Halafu anaona au anasikia ishara. Halafu anafanya jambo. Na likimpa nafuu, kesho atalirudia. Watu wanasema mbwa huyu mkali, yule mwoga, wameumbwa hivyo. Uongo, akasema, ni mazoea yamerundikana mpaka yakaitwa tabia. Na sheria ya kwanza ya kazi yake ilikuwa hii: ukimwita mbwa akaja, usimpige kamwe, hata kama ametoka kukutafuna kiatu. Ukimpiga, hujamwadhibu kwa kiatu, umemwadhibu kwa kuja.

Nilikubali kwa kichwa nikaendelea kushona. Lakini moyoni nilisema, kinyozi hajinyoi.

Maana nilikuwa nimemsikia miaka yote. Zamani, binti akiwa wa shule, mkubwa wa Filimbi kazini alikuwa mtu wa kumfokea mbele ya walinzi vijana. Filimbi hakumjibu hata siku moja. Alikuwa na familia ya kulisha. Alimeza. Alichokimeza asubuhi kilitoka jioni, kwa mtu asiyeweza kumfukuza kazi. Alikuwa akifika getini anapuliza ileile filimbi, mara moja, binti aje afungue. Akichelewa, mkanda. Akiwahi, anaulizwa ya shule, na akikosea, mkanda. Aje asije, mkanda uko palepale. Mbwa wakisikia filimbi walitikisa mikia. Mtoto akiisikia alikauka.

Mtaa mzima tulikuwa na neno la kusema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami nililisema, kwa mdomo wangu huu. Nikisikia kilio kutoka kule, nilikuwa naongeza kasi ya cherehani ili nisikie cherehani. Naona haya kuliandika hili, lakini nikiliacha, nitakuwa nimesimulia uongo.

Binti alikua, akasoma, akahama, akawa hakanyagi kwao. Kisha ikaja siku mama yake alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Alipotolewa hospitali, daktari aliamuru alale wiki sita bila kutikiswa. Kitanda kikawekwa chumba cha mbele, kichwa kikielekea dirishani. Basi ile chupa ya chai ya Jumamosi ikakatika, na binti hakuwa na njia nyingine ya kumwona mama yake ila kupita lile geti la kijani. Alipofika kwangu Jumamosi ya kwanza alikuwa amekonda. Alikuwa na mfuko wa matunda na hakukumbuka hata kuleta sketi.

Hapo ndipo mimi, fundi wa kupima mara mbili kabla ya kukata, nilikata bila kupima. Nilimsema. Nikamwambia mama yako amelala mle ndani anakuulizia, wewe umekaa hapa unakunywa maji. Nikamwambia mama ni mmoja. Nikamwambia baba yako sasa mzee, magoti yenyewe yanamsumbua, atakufanya nini? Nilifikiri nikimtia hamu ya kutosha, hamu itaushinda woga.

Hamu ilimsogeza kweli. Alipiga moyo konde akaenda, hatua ishirini, ishirini na tano, na nikajipongeza. Lakini kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia, na alipobakiza tatu alisimama kama nilivyozoea kumwona, mguu mmoja mbele na uzito wote nyuma. Hakuweza kwenda wala kurudi. Wakati huohuo, kule nyuma ya nyumba, Filimbi akawaita mbwa wake kwa filimbi. Matunda yalidondoka. Binti alikimbia mpaka kwangu, akatapika kwenye ndoo yangu ya vitambaa.

"Kichwa kinajua, mama mdogo," alisema alipopata pumzi. "Kinajua hawezi kunipiga. Miguu ndiyo haijui."

Alipoondoka, Filimbi alikuja mwenyewe na mfuko wa matunda, ameyaokota moja moja. Kumbe alikuwa ametoka nyuma akaona.

"Shemeji, usimvute tena," alisema. "Ukimvuta kwa kamba kuelekea anachokiogopa, unamsogeza kwenye woga, humtoi. Karibu na geti woga hupanda haraka kuliko hamu. Na akigeuka akakimbia, moyo hutulia, na kule kutulia ndiyo nyama yake. Kila akikimbia anajituza. Kesho atakimbia vizuri zaidi. Kwa mbwa, tungeanza mbali, pale ambapo..."

Nilipandwa na hasira. "Mwanao si mbwa!"

"Najua," alisema. "Mbwa sijawahi kumpiga."

Alikuwa ameshika chungwa lililopasuka, maji yanamtiririka mkononi, na hakulitupa. Akasema baba yake alimlea vilevile, kwa mkanda, na hakuwahi kuuliza kama kuna namna nyingine mpaka alipofundishwa kazi ya mbwa. Na hata alipofundishwa, hakuvuka na somo geti la nyumbani kwake. Kazini alikuwa mtu mmoja, nyumbani mwingine, na wale wawili hawakukutana.

"Ananichukia," alisema. "Ana haki."

"Shemeji, angekuchukia tu asingekata sketi." Nikamweleza ya wembe. "Anakutaka na anakuogopa, vyote kwa pamoja, ndiyo maana anasimama katikati. Na nikwambie jingine. Si wewe uliyekimbiwa leo. Ni hiyo." Nikanyoosha kidole kwenye filimbi.

Aliishika kifuani. Mbwa wake walikuwa na mtihani wa kampuni baada ya wiki tatu, na kila walichokijua walikijua kwa ile sauti. Mwenyewe alijulikana kwa ile sauti. Aliivua akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya mikasi na chaki.

"Waniite hata Makofi," alisema. "Nitawafundisha kwa kupiga makofi."

Niliitia filimbi kwenye kopo la vifungo nikafunga kifuniko.

Mpango uliofuata ulikuwa wake, ila miguu ilikuwa ya cherehani yangu. Binti alikuwa na raha kwangu, kwenye stuli yangu, karibu na mlio wa pedali. Basi, alisema Filimbi, isogee hiyo raha. Jumatano niliibeba cherehani nikaiweka hatua mbili nje ya kibaraza. Jumamosi nikaongeza nne, na kila zamu iliyofuata nne nyingine. Binti nilimweleza kila kitu, sikutaka kumfanyia hila, na nikamwambia akitaka kuondoka aondoke, stuli yake haina mkatale wa kumfunga miguu. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke. "Kwa hiyo nafundishwa na mwalimu wa mbwa?" akauliza. Nikamwambia afadhali yeye, mimi nimefanywa punda.

Wateja walinichoka. Mmoja alikuja kuchukua suruali, akasimama kwenye kibaraza kitupu akanitafuta kwa macho.

"Fundi, leo uko wapi?"

"Cherehani yangu inatembea," nilimjibu. "Ukichelewa kuichukua suruali utaikuta mji mwingine."

Saa ambazo binti alikuja, Filimbi alitoka mlango wa nyuma na mbwa wake akaenda zake mpaka kiwanjani. Geti aliliacha wazi, amelizuia kwa tofali lisifunge, maana alisema mwoga asipoiona njia ya kutokea haingii. Tulipofika hatua kumi na nne, sauti ya mama ilianza kutufikia kutoka dirishani. Kwanza aliulizia habari za kliniki, halafu akaanza kumsema binti kwa kukonda, halafu wakawa wanagombana kwa sauti kubwa mtaani kuhusu nani alipoteza sufuria ya buluu miaka kumi iliyopita. Sijawahi kusikia ugomvi mtamu kama ule.

Isidhaniwe kwamba tulikwenda moja kwa moja. Tukiwa tumebakiza hatua sita, askari wa barabarani kule barabara kuu alipuliza filimbi kuzuia lori, na binti akajikuta kwenye kibaraza changu bila kujua kafikaje. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alilia kwa hasira, akasema amechoka kujiaibisha, kwamba yeye ni hivyo tu, ameshaharibika. Nilimwambia hakuna mtu aliye hivyo tu. Mimi mwenyewe mwalimu wangu wa ushonaji alikuwa akinichapa vidole kwa rula nikipindisha kitambaa, na mpaka leo mtu akisimama nyuma yangu nikiwa nakata, mkono unajificha wenyewe. Alinitazama kama hakuamini. Niliirudisha cherehani mpaka hatua kumi na sita, tukaanza upya.

Jumamosi ya sita aliingia. Hakuna aliyemwambia ingia. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikainua kichwa, stuli tupu. Kutoka dirishani nilisikia mama mtu mzima analia kwa sauti ya mtoto. Uzi ulinishinda kuingia kwenye tundu mpaka nikaacha.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Mama aliinuka, akaanza kutembea na fimbo. Mbwa walifaulu mtihani kwa makofi. Binti akawa anaingia na kutoka kwao, Jumatano na Jumamosi, na cherehani yangu niliiacha palepale karibu na geti kwa sababu nilipata kivuli kizuri. Ila kila binti alipokuja, Filimbi alitoka nyuma na mbwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Yeye na mwanawe hawakuonana uso kwa uso.

Nilimvizia siku moja nikamuuliza anangoja nini.

"Nitamtisha," alisema. Kisha akashusha sauti. "Naogopa, shemeji. Nikimkuta halafu akageuka, je?"

"Na ukitoka mlango wa nyuma moyo unatulia?"

"Unatulia."

"Basi nani anajituza sasa?"

Alinitazama, akatabasamu kidogo, akaondoka na mbwa wake. Sheria alizijua, lakini miguu yake ilikuwa na mazoea yake.

Lililotokea baadaye lilitokana na usahaulifu wangu. Jumatano hiyo mama alimpa binti shati la baba yake lililokatika kifungo, amtilie. Binti alitoka nalo mpaka kwangu akaomba kifungo. Nilikuwa nimebanwa na zipu ya mteja aliyesimama pale anapiga mguu chini, nikasema bila kufikiri, chagua mwenyewe, kopo lile pale. Alimwaga vifungo mezani. Ikatoka filimbi, na kamba yake ya kiatu.

Nilinyoosha mkono kuinyakua, nikachelewa. Binti alikuwa amekauka, uso umemwisha damu. Mteja alikuwa anaongea, nikamwambia anyamaze. Sketi ya binti ilikuwa ileile ya buluu. Nilingoja akimbie, na wala nisingemlaumu.

Hakukimbia. Aliiokota kwa vidole viwili.

"Mbwa wakiisikia hii, hufanya nini?" aliuliza.

"Huja mbio."

"Halafu?"

"Hupewa nyama."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hawakupigwa hata siku moja?"

Nilitamani kudanganya. "Hata siku moja."

"Mbwa!" alisema, na machozi yakamtoka kwa uchungu ambao sikuwahi kuuona kwake; ulikuwa uchungu wa mtoto aliyenyimwa chakula na kuona kinavyogawiwa nje. "Mbwa walipewa nyama!" Nilimshika bega. Lilikuwa kweli. Alilia mpaka ikatosha. Kisha akaifuta filimbi kwa shati la baba yake, akaitia mdomoni, akapuliza.

Filimbi alikuwa ameshafika mwisho wa mtaa na mbwa wake watatu. Miezi miwili walikuwa wameongozwa kwa makofi, na ungedhani wamesahau. Mazoea ya zamani hayafi, hulala tu. Wote watatu waligeuka kwa pamoja, wakamvuta mzee wa watu mpaka kamba zikamtoka mikononi, wakaja mbio mtaa mzima, masikio yanaruka, wakakaa chini mbele ya binti na kutikisa mikia vumbini. Wanamtazama usoni. Wanangoja.

Naye alikuja nyuma yao, kwa magoti yake yale, mpaka akabakiza hatua kama kumi. Hapo akasimama. Mguu mmoja mbele, uzito wote kwenye mguu wa nyuma. Nilikuwa nimeutazama msimamo huo miaka minne, sikuhitaji kuambiwa maana yake. Mkono ulimpanda kifuani kuitafuta filimbi, ukakuta hakuna. Aliinamisha kichwa.

Binti aliitoa filimbi mdomoni.

"Njoo, baba," akasema. "Mimi sipigi."

Mzee alikuja. Zilikuwa hatua kumi na moja, nilizihesabu bila kutaka, na ya mwisho alisaidiwa, kwa sababu binti alikuwa amenyoosha mkono. Mbwa bado walikuwa wamekaa wanangoja chao. Nyama sikuwa nayo, nikawagawia mkate wangu wa mchana.